Walimo, Waliko

Usiniambie hukuwepo. Ulikuwepo. Siku ile watu walipojaa barabarani na ndoo tupu kudai maji, wewe ulikuwa mbele ya genge, na lile gari lisilo na namba lilipofunga breki ukajitia kuchagua nyanya. Ukazibonyeza moja moja kama daktari mwenye mgonjwa wa maana. Watu wakabebwa mikono na miguu, wakatupwa ndani, spika zao zikatupwa juu yao, na wewe ukauliza bei. Ulipofika nyumbani ukasema mji umechafuka kidogo. Umechafuka! Kama vile mji ni shati lililojipaka tope lenyewe, hakuna aliyelichafua.

Haya. Leo hununui kitu. Kaa usikie.

Miongoni mwa waliotupwa garini alikuwemo mtu aliyeitwa Fundi Spika. Hakuwa mhutubiaji. Alikuwa na domo zito hasa, wa kuomba chumvi mezani kwa kunyoosha kidole. Kazi yake ilikuwa kukodisha na kutengeneza vipaza sauti: harusi, msiba, mahubiri, mkutano wa chama tawala, mkutano wa chama kingine, yeyote mwenye cha kusema na umeme wa kuunganishia. Siku ya ndoo walimwita, akaenda, akafunga nyaya zake, akagonga kipaza sauti kwa ukucha na kusema maneno aliyoyasema kila mahali maisha yake yote: "Jaribu. Moja mbili. Jaribu." Hotuba yake ndiyo hiyo. Kwa hotuba hiyo akachukuliwa.

Mkewe alikuwa mnukuzi Bungeni. Utaniuliza mnukuzi ni nani, maana hukujali kujua. Kila linalosemwa ukumbini hurekodiwa. Sauti hiyo hushuka chumba cha chini kisicho na dirisha, ikiwa imekatwa vipande vipande, na wanukuzi huvaa hedfoni, mguu juu ya pedali ya kurudisha sauti nyuma, wakaandika neno kwa neno. Tena si neno kwa neno. Hotuba iliyosomwa haina taabu, karatasi yake ipo. Taabu ni mheshimiwa anapoinua macho kwenye karatasi na kuanza kusema kilichomo kichwani mwake. Hapo ndipo "eeh" zinapomwagika, na "yaani", na "nani hii", na sentensi zinazoondoka na mguu mmoja zikaanguka njiani. Kazi ya wanukuzi ni kuzipepeta. Ndilo neno lao lenyewe, kupepeta: makapi yaruke, mchele ubaki. Mheshimiwa aliyebwabwaja mchana hutoka kwenye taarifa rasmi siku mbili baadaye akiwa msemaji wa kuogopwa.

Nyumbani walikuwa wakitaniana. "Mimi natengeneza spika," mume alikuwa akisema, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hadithi ndefu, "wewe unamtengenezea Spika." Mama yake aliyekaa nao alidakia: "Basi mleteni huyo wa Bungeni hapa naye afunguliwe, anakoroma sana." Wakacheka mpaka chai ikapoa.

Sasa mvua zilikuwa zimekuja na kupita, zikaja tena, na chai ilipoa bila mtu kucheka. Mke alizunguka vituo vyote vya polisi. Kituo cha kwanza wakamwambia hayupo. Cha pili, hayuko. Cha tatu, hajulikani. Mahakama ikasema hakuna dalili yoyote kwamba watu hao wamo mikononi mwa serikali. Wakili wa familia za waliochukuliwa, mama mwenye sauti ya kukwaruza kama mlango, akawaita wote akawaambia: "Nileteeni neno moja tu. Moja, lililotoka kinywani mwa serikali na kupigwa muhuri wa serikali. Nikilipata hilo, nitawafungulia milango."

Majirani walishaanza kumzika kwa sarufi. "Mumeo alikuwa mtu wa watu." Mama mkwe aliwarukia hapo hapo. "Alikuwa? Ni mtu wa watu. Hiyo 'alikuwa' yako ipeleke kwenu, mna wengi wa kuwavalisha."

Lakini mke, usiku na mchana, alikuwa na njaa nyingine ambayo hakuthubutu kumwambia mtu. Alitaka sauti. Picha alikuwa nazo, mashati alikuwa nayo, na harufu ya risasi ya kulehemia ilikuwa bado imeng'ang'ania pazia. Sauti hakuwa nayo hata ya kuazima. Mtu aliyepaza sauti za mji mzima hakuacha ya kwake mahali popote. Na yeye, masikini, kutwa anashinda amejazwa masikioni sauti za wanaume wengine: wanavyomeza mate, wanavyovuta pumzi, meno ya bandia ya fulani yanavyogonga. Angempa yeyote sauti za baraza zima la mawaziri, kikohozi kwa kikohozi, apewe "moja mbili" moja tu. Wakati mwingine kipande cha sauti kilianza na mtu wa mitambo akijaribu kipaza sauti cha ukumbini. Jaribu, jaribu. Moyo ulimruka. Kisha ilikuwa sauti ya mtu mwingine, na ilimbidi aendelee kuandika.

Sasa nenda naye hiyo Jumanne.

Bungeni kulikuwa na mbunge mmoja aliyeitwa Mama Swali, kwa sababu hakuwahi kukaa chini bila swali la nyongeza. Na kulikuwa na Waziri ambaye chumba cha wanukuzi kilimpa jina la Niseme Tu, kwa sababu kila alipotoka kwenye karatasi alianza hivyo: "Niseme tu, Mheshimiwa Spika." Wanukuzi walimjua kwa undani kuliko daktari wake. Jambo likiwa zuri alisema "sisi": tumejenga, tumeleta, tumefanikisha. Jambo likiwa baya mtenda hutoweka kabisa: imetokea, imeonekana, yamejitokeza. "Sijui" haikuwahi kutoka mdomoni mwake. Alisema "Serikali haijui", kana kwamba Serikali ni shangazi yake anayeishi mbali. Na kabla ya kila neno la kubuni alitanguliza "eeh", ndefu au fupi kulingana na ukubwa wa uongo.

Mama Swali aliuliza la kwanza, wako wapi watu waliochukuliwa siku ya ndoo. Niseme Tu akasoma jibu lake, safi, halina harufu. Mama Swali akasimama tena. Karatasi ilikuwa imekwisha. Matangazo ya redio yalikuwa yamekatwa, kama yanavyokatwa siku hizi kila maswali ya nyongeza yanapoanza. Kipande hicho kikamwangukia mke wa Fundi Spika.

Alikisikiliza. Mguu ukabonyeza pedali wenyewe. Akasikiliza tena. Akavua hedfoni, akazifuta kwa ncha ya kitambaa chake kama vile kosa ni la hedfoni, akavaa.

"Niseme tu, Mheshimiwa Spika, Serikali, kama nilivyosema, haijui walimo, eeh, waliko hao watu."

Kando yake alikaa mwenzake waliyemwita Koma, kwa jinsi alivyozimwaga koma ukurasa mzima. Alikuwa rafiki wa Fundi tangu ujana, hivyo kwake mke huyu alikuwa shemeji.

"Shemeji, mbona umekauka?"

"Weka sikio hapa."

Koma akasikiliza. Akacheka kwanza, alivyozoea kumcheka Niseme Tu, halafu kicheko kikamfia kooni.

"Amesema walimo."

"Amesema walimo."

"Labda ulimi, shemeji. Ulimi umeteleza."

"Uteleze ukaangukie 'mo'? 'Eeh' imekuja baada yake, Koma. Baada yake! Lini umemsikia huyu anapumzika baada ya uongo? Hupumzika kabla. Hilo 'walimo' limetoka na pumzi moja, halikutafutwa. 'Waliko' ndilo lililotafutwa."

Na wewe usiniambie ni silabi moja tu. Mtoto wako wa chekechea ukimwambia viatu viko nje na viatu vimo kabatini, anajua pa kwenda. Ko ni huko, popote, hata kusikokuwepo. Mo ni ndani. Mo ina kuta, ina mlango, na mlango una mtu mwenye ufunguo. Tena hakusema walimokuwa. Walimo, sasa hivi, akiwa amesimama na tai yake.

Mke akaandika kama alivyosikia: "haijui walimo, waliko hao watu." Akapeleka ukurasa kwa Mhariri.

Mhariri wa taarifa rasmi hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloudhi. Aliinuka akafunga mlango, akarudi kukaa, akauweka ukurasa mbali na mkono wake kama kikombe cha moto.

"Mama, kanuni unaijua kuliko mimi. Msemaji akijisahihisha, tunaandika lile la mwisho."

"Umesikiliza sauti, Mzee?"

"Nimesikiliza."

"Umesikia nini?"

"Nimesikia mtu akijisahihisha."

"Na lile la kwanza linakwenda wapi?"

"Haliendi popote. Kwenye taarifa, halikuwepo."

"Ndivyo walivyonijibu kituoni."

Mhariri akavua miwani. Alijua, jengo zima lilijua mumewe ni nani. "Ukiliacha hilo, itabidi uache na 'eeh' zote, na 'yaani' zote. Waheshimiwa watakuwa hawasomeki."

"Waache wasisomeke! Nimewapepeta miaka yote hii mpaka wakawa weupe. Mimi ndiye niliyewapa sentensi zenye kichwa na mkia, Mzee. Leo naomba makapi yangu, neno moja."

Mlango ukagongwa. Alikuwa msaidizi wa Waziri, kijana wa manukato mengi, na kikaratasi mkononi. Mheshimiwa ana rekebisho dogo kwenye majibu yake ya papo kwa papo, alisema. Liwe hivi: Serikali haina taarifa za mahali waliko watu hao wanaodaiwa kupotea. Akatabasamu, akamwamkia mke wa Fundi shikamoo, akaondoka.

Mke aliporudi chumbani na kusimulia, Koma aliacha kuandika.

"Niseme Tu ametuma rekebisho? Huyu ambaye tangu apewe gari la bendera hajasoma ukurasa wake hata mmoja? Tulimwandikia siku moja 'ng'ombe' badala ya 'nguvu', akapita nayo kifua mbele!" Akashusha sauti. "Basi na yeye amejisikia, shemeji. Amejisikia mwenyewe."

Kila ukurasa hutiwa herufi za jina la mnukuzi pembeni kabla ya kwenda juu. Mke alikataa kutia zake kwenye ukurasa uliorekebishwa. Mhariri akatia za kwake bila kumtazama. Kikabaki kitu kimoja. Alhamisi asubuhi Spika angetia sahihi taarifa nzima, na baada ya sahihi sauti hufutwa, mtambo ukapokea sauti nyingine juu yake. Mpaka hapo neno lilikuwa hai. Kipande kifupi cha sauti, ndani ya mtambo, ndani ya chumba kisicho na dirisha.

Nyumbani mama mkwe alikuwa anakunja nguo. Alisikiliza habari yote bila kukatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Iseme tena," alisema. "Hivyo hivyo alivyosema yeye."

Mke akamwigiza Waziri, pumzi kwa pumzi, maana kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kuwaiga wote. "Haijui walimo, eeh, waliko."

"Tena."

Akarudia. Mama akalikumbatia shati alilokuwa akilikunja, akakaa nalo juu ya kitanda.

"Ndani," alisema. "Mwanangu yumo ndani. Anakula nini humo? Kunyesha kote huku, mimi nilikuwa nawaza mvua inamnyeshea mahali. Kumbe haimnyeshei." Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. "Na lile domo lake! Watakuwa wamemuuliza maswali mpaka wamechoka wao."

"Mama."

"Niache nicheke, sijacheka siku nyingi."

Wakakaa bega kwa bega. Mke akajaribu kumwona ndani ya hiyo mo, akashindwa kuona kuta zake zina rangi gani. Alichoweza kuona ni ukucha tu, ukucha wa kidole cha shahada ukigonga kitu, labda bomba, labda chuma cha kitanda, kama agongavyo mtu anayetaka kujua kama sauti inafika. Alitamani kumwambia imefika. Alitamani kusimama mahali na kupiga kelele kwamba imefika, inasikika, endelea.

"Kuna kanuni nyingine," alisema. "Kabla ya sahihi, mbunge yeyote anaweza kusimama akataka sauti ya ukurasa wake isikilizwe ukumbini, mbele ya watu, na linalosikika hapo ndilo linaloandikwa. Lakini lazima ajue ukurasa upi. Na sisi haturuhusiwi kusema na wabunge habari za kurasa zisizotiwa sahihi. Ukikamatwa, kazi huna. Na huenda isiwe kazi tu."

Mama mkwe alifuta uso kwa lile shati. "Wakikuchukua na wewe, mimi nitabaki na nani? Na pazia?"

"Ndiyo maana nakuuliza, mama."

"Hukuniuliza. Umenieleza." Akamtazama kwa muda. "Mwenzio yumo, mwanangu. Ningekuwa na miguu ya kupanda ngazi za Bunge lenu, ningekwisha kwenda. Nenda. Ila vaa viatu vya kukimbilia."

Jumatano asubuhi alimngoja Mama Swali ngazini, penye walinzi, penye kila mtu. Hakutaka kona. Mbunge alikuwa anateremka na mkoba wake mzito, akichechemea kidogo.

"Mheshimiwa, swali lako la nyongeza la jana. Omba sauti yake isikilizwe kesho kabla ya sahihi. Sikiliza kabla ya 'waliko'."

Mama Swali akasimama. "Wewe ni nani, mdogo wangu?"

"Mimi ndiye niliyekuandika miaka yote. Na ni mke wa mmoja wao."

Mbunge hakuuliza la nyongeza, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Aliweka mkoba chini. "Nitaomba. Lakini nikuambie kitakachotokea. Nikisimama ukumbi ukiwa mtupu, watasema muda hautoshi, mtambo una hitilafu, tuendelee. Nimeona hayo mara nyingi. Jukwaa la wageni likijaa watu, wakakaa kimya wanasikiliza, hawawezi. Wanaogopa sana kimya cha watu wengi. Niletee watu."

Mke alikuwa bado hajafika chini ya ngazi mlinzi alipomshika kiwiko. Kabla ya mchana alikuwa amenyang'anywa kitambulisho, na Koma amemletea mfuko wake getini.

"Shemeji, sauti bado ipo," Koma alinong'ona. "Nimekaa kwenye kiti chako. Mtu akija kuifuta leo, atanikuta hapo, na mimi leo nimepata kuharisha kwa maneno, sinyamazi. Wewe tafuta watu."

Akatafuta. Mchana kutwa alizunguka, mguu kwa mguu na yule wakili wa sauti ya kukwaruza. Familia za waliochukuliwa zilikubali zote, lakini familia hizo hazijazi hata safu mbili. Mwenye genge akasema atafikiria. Fundi viatu akasema ana kazi za watu. Mwalimu akasema ni jambo zito, akasifu ujasiri, akafunga dirisha. Kila mtu alimsikiliza mpaka mwisho na kila mtu alisema "tutaona", na yeye, mwenye masikio yale, alisikia vizuri kwamba kabla ya "tutaona" kila mmoja aliweka "eeh".

Jua lilipokaribia kuzama alikuwa mbele ya geti la Bunge. Mama mkwe alikwisha fika, amebebwa na toroli la jirani, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, wa kwanza kwenye mstari ambao bado haukuwa mstari. Mke akakaa chini kando yake, akaegemeza kichwa kwenye goti lake. Walikuwa wanasikiliza nyayo barabarani, kama kuna zinazokuja au zote zinapita.

Kesho ndiyo Alhamisi. Geti hufunguliwa asubuhi na jukwaa la wageni ni bure, huhitaji kadi wala tai. Hutaambiwa useme lolote. Hutabeba bango. Unatakiwa kukaa kwenye benchi na kusikiliza sentensi moja, kisha ukatae kuinuka mpaka ichezwe tena. Kazi hiyo unaiweza. Usinijibu "tutaona". Usiulize nani mwingine anakwenda. Vaa viatu, mwite jirani yako kwa jina lake, mgongee na yule asiyeitika, mtoke sasa hivi.